Mtoto Aliyesubiri Kugombezwa

Wapendwa, wa rika langu mtanielewa. Tulipokuwa wadogo huku milimani, ole wako ukutwe unaogelea bwawani saa za masomo. Yeyote aliyepita alikutoa majini kwa sikio: muuza chumvi, mke wa mwinjilisti, hata yule mliyegombania naye mpaka wa shamba. Ukifika nyumbani, habari imekutangulia, na mama anakuongezea. Tulilia, tukawaita wakorofi. Leo nikikumbuka sauti zao zikituita kutoka ng'ambo ya bonde, moyo unaniuma kwa kuzitamani.

Sasa nisikilizeni. Palikuwa na binti mmoja wa darasa la sita, tumwite Naelijwa. Baba yake hakumjua. Mama yake aliugua masika yote, akafariki, akamwachia nyumba ya vyumba viwili na mdogo wake wa kike wa miaka mitatu.

Je, watu waliwatupa? Hapana! Msiba ulijaa. Majirani walileta unga, mafuta na sabuni. Kanisa likaleta blanketi zito, na picha ikapigwa, watoto wamesimama katikati wamelishika. Kisha kila mtu akaenda zake kwa amani, kwa sababu amefanya sehemu yake.

Siku moja yule mdogo aliamka na homa. Naelijwa akabaki nyumbani kumuuguza. Kesho yake homa ilikuwa imepungua, lakini angemwachia nani? Akabaki tena. Siku ya tatu akabaki. Mwalimu alidhani wamechukuliwa na shangazi yao. Majirani walidhani mwalimu anajua. Walimwona mlangoni asubuhi, wakasema moyoni, "Nikimsema, watu watasema namnyanyasa yatima." Wakapita.

Kulikuwa na mama mmoja, Mama Kiangi, mtu wa maneno makali, aliyeishi upande wa juu wa kijiji. Hakuwa ameleta unga, maana hata kwake ulikuwa wa kubahatisha. Asubuhi moja alikuwa anarudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akamkuta binti kwenye kizingiti anachambua maharage.

"We Naelijwa! Leo siku gani?"

"Jumanne, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na Jumanne darasa la sita mnasomea maharage?"

Binti akainamisha kichwa. Machozi yakaanza kudondoka kwenye ungo.

"Unalia nini? Nimekupiga?"

"Hapana, mama. Ni siku ishirini na tatu siendi shule. Nilikuwa nahesabu. Kila siku nasema, leo kuna mtu atanigombeza. Hakuna aliyeniuliza. Nikajua basi, mimi sina mwenyewe."

Ndugu zangu, mngemjibu nini?

Mama Kiangi aliuangusha ule mzigo palepale njiani, akaingia ndani, akatoka na sare iliyokunjamana. "Vaa," akasema. Akamfunga mdogo mgongoni kwa kanga, akamshika mkubwa mkono, wakashuka hadi shuleni. Mwalimu akafungua daftari, akauliza, "Mzazi wake niandike nani?"

"Mimi. Andika mimi."

Tangu siku hiyo yule mdogo alishinda kwa Mama Kiangi, akicheza na vifaranga. Na kila jioni Naelijwa alipitisha madaftari yake kukaguliwa. Mama Kiangi hakujua kusoma. Alitazama tu wino mwekundu: alama za vema zikiwa nyingi, anaguna, zikiwa chache, kelele zake zinasikika hadi barabarani. Naelijwa alizisikiliza kelele hizo kama mtu anayeota moto wakati wa baridi. Alimaliza shule. Sasa ni mkunga katika wilaya ya jirani, na mdogo wake anasomea ualimu.

Mmefurahi? Ngojeni kwanza. Kuna mtu sijawaambia habari zake. Katika zile siku ishirini na tatu, mchungaji alipita mbele ya ule mlango mara tatu. Alimwona binti amekaa. Alimpungia mkono, binti akampungia, naye akaendelea na safari, anawahi kikao cha kujadili watoto walio katika mazingira magumu.

Mchungaji huyo ni mimi.

Wapendwa, unga tuendelee kupeleka, na blanketi pia, maana njaa na baridi havingoji mahubiri. Lakini sisi tunaosikitika kwamba zamani mtoto alikuwa wa wote, hebu tujiulize: wale wa zamani walipokufa, kazi yao walimwachia nani? Kuna watoto kumi na wanne katika mtaa huu wasio na mzazi. Mnawajua. Leo mkitoka hapa mtakutana nao njiani. Msiwapungie mkono. Simameni. Muulize jina, muulize jana alikula nini, muulize mbona hakuonekana shuleni. Na akikosea, mgombeze. Halafu kesho urudi.