Wavu wa Mlango wa Bi Mdogo

Hii nimeletewa leo, nimeisoma huku nimempakata mwanangu, nikaona nisikae nayo peke yangu. Mpelekee mwenye mke mwenza, na asiye naye pia, maana wivu hauulizi ndoa.

Bwana mmoja, Kitwana, alikuwa na wake wawili uwanja mmoja, milango inatazamana. Mkubwa ni Mwajabu, watoto wake wameshaoa na kuolewa. Mdogo ni Tunu, ana binti mmoja tu, Siwema, ndiyo kwanza anajua kukimbia.

Sasa Siwema akimwona Mwajabu, basi tena. Anacheka mpaka anakaa chini. Kwa mama yake hacheki hivyo. Tunu akawa anaona anameza, anaona anameza, mwisho akashindwa.

"Mwanangu asikanyage kwako tena. Wako umeshalea."

"Sawa, mdogo wangu," Mwajabu akajibu, akaingia ndani.

Tangu hapo Tunu akienda jikoni uani, anamfungia mtoto kwa komeo la mlango wa wavu. Haukupita muda, wavu ukakutwa umechomoka pembe ya chini, mtoto yumo ndani. Mbu wakaingia, Siwema akashikwa na malaria, akalazwa, anatetemeka mikononi mwa mama yake, na mama anatetemeka kuliko yeye.

Waliporudi, Kitwana akang'oa vibao, akatandaza wavu mpya, akagongelea misumari. Ukachomoka tena. Pembe ile ile.

"Ni yeye!" Tunu akalia. "Wa kwake mzima, wangu kila siku unachomoka, mbu wana mikono? Anataka mwanangu afe!"

"Umemwona?"

"Nimwone mara ngapi? Sikiliza, baba Siwema. Yeye au mimi. Nambeba mtoto naondoka."

Kitwana akabadilisha wavu kwa mara nyingine, kisha akavuka uwanja, akamwambia Mwajabu aende kwa kaka yake kwanza, mambo yapoe.

"Nimeingia nyumba hii haina bati," Mwajabu akasema. "Leo natolewa na mbu."

Akafunga mzigo wake. Tunu amesimama uwanjani, anahakikisha. Mwajabu akapaza sauti, "Haya Siwema, bibi yangu, mimi nakwenda!"

Nyuma ya wavu mpya kikasikika kilio. Mtoto akakimbilia mlango, komeo halifikii, akapiga magoti, akaweka kichwa pembe ya chini, akasukuma kama mwanambuzi. Kibao kikaachia. Kikatoka kichwa, likatoka bega, akatoka mtoto mzima, mbio mpaka miguuni kwa Mwajabu.



Mwajabu hakumwinua. Mtoto anavuta khanga, mikono juu, analia, na mama wa watu ameng'ang'ania mzigo wake, anamtazama Tunu.

"Ulinikataza. Nimbebe, au nimwache?"

Wivu ulikuwa bado haujamtoka Tunu. Akasogea, akauchukua ule mzigo, akaurudisha mwenyewe chumbani kwa Mwajabu.

"Mbebe, dada," akasema, amewapa mgongo. "Atapata homa tena kwa kulia."

Funzo: Ukimzuilia mwanao mapenzi ya mwenzio kwa wivu, utabadilisha wavu kila siku na mbu wataingia tu. Mtoto akipendwa na wawili, mama hapungui.