Tanzia ya Shabiki Mwaminifu

Wewe unadhani kujibu maoni ya wasomaji ni kazi ya lelemama? Siwema aliifanya miaka minne katika gazeti moja la mtandaoni pale Tanga, akameza matusi ya kila rangi, hadi siku Mhariri Kilongola alipomsimamisha mbele ya chumba kizima cha habari.

"Shabiki Mwaminifu, yule anayesifu kila makala yangu, analalamika tena kwamba unawajibu watu kwa kejeli. Akilalamika mara nyingine, funganya virago!"

Siwema aliinamisha kichwa. "Hatalalamika tena, bosi. Shabiki Mwaminifu ametutoka."

"Ametutoka kwenda wapi?"

"Amefariki. Mjane wake ameandika chini ya makala yako ya leo. Nimeshampa pole kwa niaba ya gazeti, na wasomaji wanamiminika na rambirambi."

Kilongola alikohoa. "Mjane gani? Huo... huo ni uzushi tu."

"Ana uchungu, maskini. Anasema marehemu hakuwahi kumaliza makala yako hata moja. Kila akifika aya ya pili usingizi unamchukua, akizinduka anaandika 'Kalamu ya dhahabu!' ili asionekane alilala."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Kilongola aliruka kitini, miwani ikamwanguka.

"Mwongo mkubwa huyo mwanamke! Sijafa, sina mjane, na makala zangu nazisoma mpaka nukta ya mwisho! Shabiki Mwaminifu ni mimi!"