Maji ya Kumwoshea Mama

Ndugu zangu, sogeeni mbele, waachieni nafasi wanaochelewa. Kulikuwa na bwana mmoja katika mtaa kama huu wetu, mtaa ambao maji ya bomba hutoka yakipenda. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na tangi kubwa juu ya paa, na tangi lile likampa kiburi. Akitawadha, bomba liko wazi tangu nia mpaka mguu wa mwisho. Akipiga mswaki, maji yanamwagika na yeye anatazama ndevu zake kwenye kioo. Msicheke, mnamjua.

Aliishi na mkewe na mama yake mzazi. Bi mkubwa yule alimfuata nyuma akifunga mabomba. Maji aliyooshea mchele aliumwagilia mchicha, ya kusuuzia nguo akayapeleka chooni. Na bomba la jikoni lililokuwa likivuja, lile ambalo mwanawe kila siku alisema atamwita fundi, alilitegea jagi.

"Mama, unaniaibisha," bwana yule alimwambia siku moja mbele ya wageni. "Watu watasema hatuna maji. Hayo matone utayapeleka wapi?"

"Akiba haiozi, mwanangu," bi mkubwa akajibu, akaondoka na jagi lake.

Basi asubuhi moja bi mkubwa hakuamka. Mwanawe alilia kama mtoto. Ikaamuliwa azikwe baada ya adhuhuri. Lakini alipofuta machozi, macho yake yakaangukia ua. Vumbi, majani makavu, kinyesi cha kuku. Watu wote hawa watakuja, wamkute hivi? Akavuta mpira wa maji, akaosha ua, akaosha baraza na kuta, mpaka njia ya nje yatakaposimama magari.

"Mume wangu, maji ya mtaa hayajatoka wiki hii," mkewe akamwambia. Alisikia, akajifanya hasikii.

Watu wakajaa, jeneza likaletwa. Ndipo mwosha maiti, mama mtu mzima aliyewaosha bibi zetu wengi, akatoka chumbani akamwita pembeni.

"Baba, tuletee maji. Ndoo zote ni tupu."

Akaenda bombani. Bomba likakohoa, likatoa upepo, likanyamaza. Akapanda juu ya paa na kanzu yake, akafunua tangi, akakuta tope. Akashuka, akakimbilia kwa jirani.

"Bwana wee, sisi wenyewe tangu jana tunategemea tangi lako," jirani akasema kwa huruma. Na muuza maji wa mkokoteni alikuwa amekwenda mbali, hatarudi kabla ya alasiri.

Huku nje wazee wameanza kutazama saa. Akarudi kwa mwosha maiti mikono mitupu.

"Yakikosekana kabisa, tutamtayamamisha badala ya kumwosha," mama yule akasema taratibu. "Sheria inaruhusu. Tutafutie vumbi safi, kavu."

Bwana yule akageuka akautazama ua wake. Ulikuwa unang'aa. Vumbi lenyewe alikuwa ameliosha asubuhi kwa maji ya kumwoshea mama yake. Aibu ikamshika, akaketi kizingitini, akajifunika uso kwa kanzu.

Hebu niambieni, mngekuwa ninyi mngekwenda wapi?

Mle ndani wanawake wakakisogeza kitanda wapate nafasi ya kumhudumia maiti. Mguu wa mmoja ukagonga kitu. Wakainama. Chini ya kitanda cha bi mkubwa kulikuwa na madumu yamepangwa, yamefungwa vizuri, yamejaa maji safi. Mkewe akatoka, akainama karibu na sikio la mumewe.

"Maji yamepatikana," akamwambia. "Ni yale matone, mume wangu. Ya bomba la jikoni."

Akakaa palepale, akawasikia wakimwosha mama yake kata kwa kata, polepole, kwa kuhesabu. Kila kata ilipomiminwa, alijua ni bomba gani. Mama aliyemwonea haya mbele ya wageni ndiye aliyemstiri mbele ya mji mzima.

Sasa sisi. Tunasema hatuna uwezo wa kuhifadhi maji, kana kwamba ni kazi ya serikali. Kufunga bomba wakati unapaka maji kichwani kunahitaji serikali? Kutawadha kwa kopo je? Maji ya mchele, nani amekukataza kuyapeleka kwenye mboga? Tunayamwaga leo kwa kuwa leo yapo, na hatujui tunamwaga ya nani. Huenda ni ya mgonjwa wa jirani. Huenda ni ya mama yako.

Lile bomba la mwisho hapo nje tunapotawadhia linavuja tangu Shaabani. Sote tumelipita tukiingia. Fundi yumo humu ndani, namwona anainamisha kichwa. Tukimaliza kuswali, asitoke mtu kwenda kwake kabla halijatengenezwa.