Mama Mkwe Mgongoni mwa Kifaru

Hapo zamani za kale, wakati wanyama bado wana milango na wake zao ndio wanaoshika funguo, aliishi Nguchiro. Mnamjua Nguchiro, yule mdogo, mwembamba, anayekatiza njia kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna kimya kimya, la sivyo nanyamaza sasa hivi.

Nguchiro alijenga nyumba yake bondeni, ukingoni kabisa mwa mto. Mama mkwe wake, Bi Kidawa, alimwonya: "Mkwe, hapa maji yatakuja."

"Mto una njia yake, mama, na mimi nina yangu," akajibu.

Mwaka huo mawingu yakajikusanya mapema, na mto ukaanza kusogelea kibaraza. Nguchiro akaona sasa maji yamezidi unga. Asipohamia kilimani, ng'ambo ya mto, mvua itamchukulia nyumba, chakula na watoto.

Lakini kuhama si lelemama. Kulikuwa na nguzo, milango, kitanda cha mninga, kihenge kilichojaa mtama, jiwe la kusagia, na Bi Kidawa mwenyewe, ambaye magoti yalikuwa yamekwisha ila mdomo ulikuwa mzima. Na mila ya kwao haikuwa na mjadala: mkwe habebi mkwe. Hata kumtazama usoni ni utovu wa adabu, sembuse kumpakia mgongoni.

Basi akaenda kuwaomba wenzake msaragambo, ile kazi ya wote, leo kwangu kesho kwako.

"Msaragambo!" Nyati akacheka mpaka pembe zikatikisika. "Tulipochimba kisima changu ulikuwa wapi?"

"Jino liliniuma, kaka."

"Na tulipoezeka kwangu?" akauliza Kifaru.

"Nilikuwa msibani. Nilifiwa na shangazi."

"Shangazi yule yule aliyekufa tulipolima kwa Twiga?"

Nguchiro akakuna sikio. "Marehemu alikuwa na roho ngumu."

"Haya, mwite yeye akuhamishe," akasema Kifaru.

Nguchiro akarudi kwake mkia chini. Usiku ule hakulala, maana kila akifumba macho anasikia maji.

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku hizo wanyama wakubwa walikuwa wameshikwa na homa ya mazoezi. Kila asubuhi utamsikia Kifaru, gidi! gidi! gidi!, anazunguka kichuguu. Kule Nyati naye, pu! pu! pu!, anazunguka mgunga. Kila mmoja peke yake, amenuna, hamsalimii mwenzake. Wake zao wakiomba kuni, wanasema mgongo unauma. Kubeba kuni hawana nguvu, ila kukimbia bila kufukuzwa na mtu, nguvu zimejaa tele. Msicheke, wapo hata leo, na baadhi yao ni baba zenu.

Nguchiro akawatazama wakihema. Akawatazama tena. Kisha akachukua baragumu: Puuuuu!

La mgambo likilia kuna jambo. Wakaja wote.

"Ndugu wanamichezo!" akasema Nguchiro.

Kifaru hajawahi kuitwa mwanamichezo tangu azaliwe. Akavuta tumbo ndani.

"Mpaka lini mtazunguka kichuguu kama nzi kwenye kidonda? Wenzenu wa mbali wana Mbio za Nyika! Unavuka mto, unapita kinamasi, unapanda kilima cha miiba, na mzigo mgongoni. Wala hukimbii peke yako. Ni timu, watatu watatu. Wa mwisho asipofika, timu haijafika. Mzigo ukivunjika, mmeshindwa!"

"Mizigo yenyewe iko wapi?" akauliza Twiga.

"Nitatoa vitu vyangu. Nafanyaje? Napenda michezo."

"Na mshindi anapata nini?"

"Sifa," akasema Nguchiro.

Lo! Sifa! Macho yakawatoka. Chakula wangekitilia shaka, maana chakula cha Nguchiro wanakijua. Lakini sifa haina mfupa.

Timu zikapangwa. Kifaru akawa na Pundamilia na Ngiri. Nyati akawa na Twiga na Mbuni. Timu ya Nyati ikatwishwa nguzo, milango na kitanda. Timu ya Kifaru ikapewa kihenge, jiwe la kusagia na Bi Kidawa.

"Refa!" Nyati akaja juu. "Mbona wao wamepewa mzigo unaosema? Wa kwetu umenyamaza tu!"

"Mzigo unaosema ndio mzito zaidi, kaka. Niulize mimi."

Bi Kidawa akapandishwa mgongoni mwa Kifaru, akashika pembe, akatandaza kanga yake vizuri. Nguchiro na mkewe na watoto wakatangulia kwa kivuko cha mawe, naye mkononi amebeba mwiko tu, kwa sababu refa hachoki ovyo.

Puuuuu! Wakaanza.

Chubwi! Chubwi! Wakaingia mtoni. Kitanda kikaelea, Mbuni akaona raha, akapanda juu yake.

"Shuka, Mbuni! Umekuja kushindana au umekuja kulazwa?" Nyati akafoka.

"Napumzisha magoti, nahodha!"

"Magoti gani, na maji yanakufika kifundoni!"

Wakafika kwenye kinamasi. Kifaru akapiga hatua, bwata! Akapiga nyingine, bwata! Ya tatu, ziiii, akazama mpaka tumboni. Akajivuta, wapi. Akajivuta tena, ndiyo kwanza anazidi kushuka.

"Niacheni," akasema. "Nendeni zenu. Nimezoea kuwa peke yangu."

"Tukuache vipi, mzee?" akasema Ngiri. "Usipofika, hatujafika!"

Ngiri yule, mfupi kuliko wote, akaingia nyuma ya Kifaru, akaweka kichwa pale ambapo sitapataja mbele yenu, akasukuma. Pundamilia akauma sikio la Kifaru, akavuta.

"Haya! Hooo! Tena! Hooo!"

Pwaa! Kifaru akatoka, na Bi Kidawa juu, kanga imejaa matope.

Kifaru akamgeukia Ngiri. "Kijana, hivi unaitwa nani vile?"

"Ngiri, mzee. Mimi jirani yako. Ukuta kwa ukuta."

"Aisee."

Maisha yake yote alikuwa akisukuma wengine, na hakuna hata siku moja aliyowahi kusukumwa kwa wema. Aliona raha mpaka akaona aibu.

Hapo Bi Kidawa akakohoa. "Wanangu, nina neno. Naona ninyi ni watu wema, nitawaambia ukweli. Hizi siyo mbio."

"Usituvunje moyo, mama," akasema Kifaru, huku anakimbia.

"Mkwe wangu anahama nyumba. Ninyi ni wapagazi."

Ngiri akasimama na jiwe lake. "Anahama?"

"Ngiri, usisimame! Nyati ameshafika kwenye miiba!" akafoka Kifaru.

"Nasema mnamhamisha Nguchiro!" Bi Kidawa akapaza sauti. "Hicho ni kihenge chetu! Mimi mwenyewe ni wa kwetu!"

"Mama," akasema Kifaru kwa heshima zote, "shika pembe."

Bi Kidawa akashusha pumzi. Mtu mzima akisema kweli halafu asisikilizwe, atafanya nini? Akatazama mbele, akamwona Nyati anapanda.

"Haya, basi kata kushoto," akasema. "Kulia kuna mashimo. Kaza, mwanangu! Kaza! Wanawake wanapanda hapa na kuni kichwani, itakuwa wewe!"

Wakapanda, miiba kwa tako, mawe kwa kwato. Twiga akanasa shingo kwenye mti, Nyati akamnasua. Mbuni akachubuka, Twiga akambebea mlango. Na cha ajabu, wanacheka! Watu wazima, damu zinawachuruzika, wanacheka kama wamepewa sukari.

Kileleni Nguchiro amesimama na mwiko wake. "Shusha hapo! Siyo hapo, hapo! Mlango uelekee mashariki!"

"Hiyo nayo ni sheria?" akauliza Nyati, ulimi nje.

"Sheria kubwa. Na bado hatua ya mwisho, kusimamisha nguzo. Timu itakayosita, imeshindwa!"

Nguzo zikasimama, ko! ko! ko! Kitanda ndani, kihenge nyuma, jiwe jikoni. Bi Kidawa akashushwa taratibu kibarazani. Nyumba hiyo, imekamilika. Nguchiro akacheka moyoni, kwi kwi kwi.

"Mshindi nani?" wakauliza wote.

Hapo Nguchiro akafanya kosa. Alitaka waondoke haraka, na kupima mbio hakupima. Akasema, "Mmetoka sare! Wote washindi! Kwaherini."

"Sare?" Nyati akapiga kwato. "Sare ni ya wavivu!"

"Turudiane!" akanguruma Kifaru.

"Turudiane! Tunarudi bondeni, na mizigo ile ile!" wakaitikia wenzao.

Kabla Nguchiro hajafumba mdomo, nguzo ya kwanza imeng'olewa. Ng'oo! Mlango ukaenda. Kitanda kikatoka. Huko mbali radi ikapiga, kwaaa!, na chini bondeni mto ukaanza kunguruma. Watoto wa Nguchiro wakakimbilia sketi ya mama yao.

"Ngojeni! Nimekumbuka!" Nguchiro akapiga kelele. "Nyati ameshinda!"

"Nadai marudiano," akasema Kifaru, akabeba kihenge.

"Basi Kifaru! Kifaru ndiye aliyeshinda!"

"Ndiyo maana nadai marudiano," akasema Nyati, akabeba kitanda.

Tone la kwanza likamdondokea Nguchiro puani. Akaitazama nyumba yake, imebaki nguzo moja. Akawatazama wanawe. Mkia ukalegea, akapiga magoti.

"Jamani, hakukuwa na mbio! Nilikuwa nahama! Nimewadanganya, nipigeni mkitaka, ila msishushe vitu vyangu bondeni. Watoto wangu watakufa maji!"

"Niliwaambia tangu kwenye kinamasi," akasema Bi Kidawa.

Kifaru akakitua kihenge polepole. "Hakukuwa na mbio?"

"Hakukuwa."

"Kwa hiyo sisi tulikuwa..." Kifaru akakitazama kihenge. "Tulikuwa tunafanya kazi?"

Neno hilo likawaangukia kama maji ya kisima alfajiri. Pundamilia akakaa chini. Nyati akatazama huku na huku.

"Mke wangu asijue," akanong'ona Nyati. "Nimemwambia siwezi kuvuka mto, maji yananipa kikohozi."

"Wangu nimemwambia mgongo umekufa," akasema Kifaru. "Akisikia nimepanda kilima na mtu mzima mgongoni, nimekwisha."

Wote wakamgeukia Bi Kidawa. "Mama, wewe hukuona kitu, au siyo?"

"Mimi? Mzee kama mimi, na macho yenyewe haya?"

"Na nyumba ya watu je?" akauliza Ngiri. "Mvua hiyo."

Wakairudisha ile nyumba mbio mbio. Kila mmoja anasema ni kwa ajili ya watoto, na kila mmoja anachungulia mwenzake amefikia wapi. Mvua ikamwagika, mto ukafagia bonde lote, na Nguchiro na wanawe wakalala pakavu. Chini ya blanketi akacheka tena, kwi kwi kwi, maana amehamishwa na hakutoa hata kikombe cha uji.

Lakini Bi Kidawa macho yake ni mabovu kweli, mdomo nimeshawaambia. Matope hayajakauka, Mama Kifaru, mkewe Kifaru, ameshapata habari yote, na Mama Nyati, mkewe Nyati, ameongezewa chumvi.

Asubuhi moja mvua ilipopumzika: Puuuuu!

Wanyama wakatoka. Wakamkuta Mama Kifaru katikati ya uwanja, amejifunga kanga kibwebwe.

"Ndugu wanamichezo!" akasema. "Leo kuna Mbio za Kuni! Unaingia msituni, unakata, unavuka mto, unapeleka jikoni. Watatu watatu!"

Nyati akamsogelea Kifaru. "Ile ni kazi," akanong'ona.

"Najua ni kazi."

"Tunadanganywa mchana kweupe."

"Najua tunadanganywa. Lakini mtazame Ngiri, ameshaanza kunyoosha misuli. Nimwache peke yake?"

Nyati akafikiri. Akafikiri tena. "Twiga!" akaita. "Mbuni yuko wapi?"

Mbuni alikuwa ametegua mguu. Timu ya Nyati ikapungukiwa mtu, na bila watatu hakuna timu. Mama Kifaru akapanda kilimani, akagonga mlango mpya: ngo! ngo! ngo!

"Hodi, Nguchiro! Unatakiwa mbioni."

"Shemeji, mimi ni refa," sauti ikatoka ndani. "Refa habebi mzigo."

"Leo refa ni mwingine."

Nguchiro akachungulia. Mbele yake, kwenye kigoda, amekaa Bi Kidawa na baragumu mapajani. Nguchiro akafungua mdomo abishe. Akaufunga. Mkwe habishani na mkwe, mila haina mjadala. Akainamisha macho, akatoka, wakamtwika mzigo wa kuni uliomzidi yeye mwenyewe kwa urefu.

"Kaza, mkwe!" akasema Bi Kidawa. "Kaza! Kata kushoto!"

Nami mzigo wangu wa hadithi nimeutua hapa, na funzo lake ni hili: anayegeuza jasho la wenzake mchezo, ipo siku naye atachezeshwa.