Chakula cha Mama Mkwe

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani ambazo wanyama walikuwa na meko na vyungu na majirani wa kuwasengenya, palikuwa na pimbi aliyeishi juu ya majabali. Mnamjua pimbi? Kadogo, hakana mkia, kana vimeno viwili vya mbele. Msicheke! Huyu alikuwa mama mtu mzima mwenye heshima zake, na kila mmoja alimwita Bi Pimbi.

Chini ya majabali hayo waliishi Nyati na mkewe, Mwamvua. Nyati alikuwa na nguvu, jamani! Akipita, ardhi tititi! tititi! Akipiga chafya, kanga wanahama. Lakini kuweka akiba ya chakula? Hilo hakulijua. Alilima, akavuna, akala, akalala.

"Bi Pimbi," alisema siku moja, akimtazama mama yule akikata viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika juu ya jiwe la moto, "viazi vitamu hivyo unavikaushia nini?"

"Michembe hii, mwanangu. Ya siku mbaya."

"Siku mbaya! Kwa kwa kwa kwa!" Nyati alicheka mpaka mawe yakatikisika. "Majani yamejaa bonde zima! Kula vikavu ni kazi ya panya. Mimi ni nyati!"

"Kama ungeanika hata kidogo tu..."

"Ng'o!" akasema Nyati, akaenda zake.

Bi Pimbi akaendelea kukata viazi, lakini mkono ulikuwa mzito. Alikuwa amekumbuka kitu. Nyati alipokuwa ndama, ulikuja ukame. Mama yake, nyati jike mkubwa aliyekuwa akimruhusu Bi Pimbi ajikunje ubavuni pake asubuhi za baridi, alikuwa akipata kijani kidogo anampa mwanawe. "Kula wewe, mimi nimeshakula," anasema. Hakuwa amekula. Siku moja alilala chini na hakuinuka tena, na Bi Pimbi alikuwa pale pale, ubavuni, akiusikia ule ubavu ukipoa. Nyati aliambiwa kwamba mama yake aliugua.

Na sasa kisima cha kati ya majabali kilikuwa kinakauka kabla ya wakati wake. Na Mwamvua alikuwa na mimba, ya kwanza.

Mtasema, kwa nini Bi Pimbi asiwagawie chake? Ah, nyie! Ghala lote la Bi Pimbi lingeingia kwenye tundu moja la pua ya Nyati, na nafasi ingebaki. Alitaka Nyati mwenyewe aweke. Na Nyati hasikii.

Bi Pimbi akakuna sikio. Nyati hamwogopi simba. Hauogopi moto. Anamwogopa nani basi? Akakuna sikio la pili. Halafu akaruka juu, twa!

"Mama mkwe wake!"

Asubuhi yake alishuka majabali mbio, akihema kwa makusudi.

"Hodi! Hodi humu ndani! Mwanangu Nyati, una habari wewe?"

"Karibu, Bi Pimbi. Habari gani?"

"Korongo amepita juu kwangu, anatoka ng'ambo ya mto. Ameniambia mama yake Mwamvua yuko njiani anakuja!"

Nyati aliyekuwa anatafuna akaacha kutafuna. "Mama mkwe? Kwangu? Lini?"

"Mavuno yakiisha. Mzee, anatembea polepole. Tena tumbo linamsumbua, maskini. Majani mabichi yanamjaza gesi. Anakula vikavu tu: michembe, majani ya kunde yaliyochemshwa yakaanikwa, choroko, karanga, mtama. Nyama wala maziwa hagusi, hilo unalijua. Na anakula, mwanangu! Anakula hasa!"

"Mungu wangu," alisema Nyati, akayatema majani aliyokuwa anatafuna.

Bi Pimbi alikuwa karibu kucheka. Lakini Mwamvua akatokea mlangoni, macho yanang'aa.

"Mama anakuja? Mama yangu?" Akashika tumbo lake. "Tangu niolewe sijamwona. Nilikuwa nasema, nitajifungua peke yangu, na mama yuko mbali..." Akashindwa kumaliza, akaanza kulia kwa furaha.

Hapo Bi Pimbi akaona aibu. Uongo wake ulikuwa wa Nyati, haukuwa wa huyu binti. Lakini ulikwisha kutoka mdomoni, na kile kisima juu kilikuwa kinakauka. Akameza mate, akasema, "Ndiyo, mwanangu. Anakuja."

Basi mngeona kazi! Nyati alikata viazi, cha! cha! cha! akavianika mpaka majabali yakawa meupe. Alichemsha majani ya kunde akayatandaza kwenye majamvi. Bi Pimbi alikaa juu ya jiwe akitoa amri.

"Geuza hiyo michembe, ndani bado mbichi, itaota ukungu! Choroko umechanganya na majivu?"

"Majivu? Nimlishe mama mkwe majivu?"

"Unaziosha kabla ya kupika, wewe! Ukiacha majivu, fukusi watazitoboa zote, mama mkwe akute unga."

"Lo! Nipe majivu!"

Alisuka vihenge vikubwa vya fito, akavikandika udongo, akavipandisha juu ya mawe mchwa wasifike. Akajaza, akafunika, akaziba. Mwamvua naye akatenga chumba cha mgeni kwa mkeka uliotundikwa, maana mkwe na mkwe hawatazamani usoni, ndiyo heshima yao. Kila asubuhi alikifagia chumba kile. Bi Pimbi akimwona anafagia, aligeuza uso upande mwingine.

Mavuno yakaisha. Mgeni hakuja. "Mto umejaa mamba," alisema Bi Pimbi. Halafu, "Mguu unamuuma, amepumzika njiani." Mvua nayo haikuja. Majani ya bonde yakageuka manjano, yakageuka kahawia, yakapeperuka. Ukame ukaingia.

"Sasa watakula," Bi Pimbi alijiambia, akiwa amechoka lakini amefurahi. "Sasa watafungua."

Wapi! Siku alizoshuka kuwasalimia alikuta jiko limepoa. Mbavu za Nyati zinahesabika. Mwamvua amelala ubavu, macho yameingia ndani, tumbo tu ndilo kubwa.

"Mwanangu Nyati! Vihenge vimejaa! Mbona hampiki?"

Nyati akamtazama kama aliyetukanwa. "Nile chakula cha mama mkwe? Akifika kesho akute nimekimaliza, nitauweka wapi uso wangu?"

"Lakini mkeo..."

"Nimemwambia avumilie kidogo. Mama yake atafika, watakula pamoja."

"Atakuelewa, Nyati. Ni mama."

"Ng'o, Bi Pimbi. Chakula cha mkwe hakiguswi."

Jamani, jamani! Bi Pimbi alipanda majabali akijipiga kifua. Uongo wake umejaza vihenge, na uongo huo huo umevifunga. Akisema ukweli? Nyati mwenye hasira akimkanyaga mara moja tu, imekwisha. Na hata hilo aliliona dogo. Kubwa ni kwamba, akimwambia Mwamvua kwamba mama yake haji, katika hali ile, yule binti angepata wapi nguvu ya kuzaa? Bi Pimbi alimwona tena yule nyati jike aliyelala chini asiinuke.

"Hapana," akasema kwa sauti. "Si mara ya pili."

Mchana, jua likiwa kali, Nyati alikuwa ameketi mlangoni na Mwamvua amelala ndani. Bi Pimbi alipita kwenye tundu la ukuta wa nyuma, akaingia chumba cha mgeni, akatumbukiza kichwa kizima ndani ya mtungi mtupu uliokuwa pale.

"HHMMMM!" ikasikika. "MKWE WANGUUU! NIMEFIKA!"

Nyati aliruka, pu! akagonga kichwa mlangoni. Papo hapo akageuza mgongo na kufunika macho kwa masikio.

"Sh-shikamoo, mama!"

"MARAHABA, BABA. NIMEPITA NYUMA, NISIKUSUMBUE. HAMJAMBO?"

"Hatujambo, mama! Mama, chakula chako kipo! Sijagusa hata punje!" Alisema hivyo kwa fahari, na sauti yenyewe ilikuwa imekauka kwa njaa. Ndani ya mtungi, machozi yakamtoka Bi Pimbi.

"NA MWANANGU AMEKULA NINI?"

Nyati akaparura ardhi kwa kwato.

"NAKUULIZA, BABA. MWENYE MIMBA AMEKULA NINI LEO?"

"Tulikuwa tunakungoja, mama. Kwa heshima yako."

"HESHIMA YANGU NI HUYO ALIYELALA HAPO. FUNGUA VIHENGE! PIKA! UKINGOJA HATA KIDOGO, NARUDI KWETU!"

Nyati akageuka kwenda. Hapo sauti dhaifu ikatoka upande wa pili wa mkeka.

"Mama?"

Nyati akasimama. Bi Pimbi moyo ukamdunda, du! du! du!

"NIPO, MWANANGU."

"Mama, nilipokuwa ndama ulikuwa unaniita jina gani?"

Lahaula! Jina hilo Bi Pimbi hakuwahi kulisikia. Nje Nyati naye alikuwa anasubiri, sikio limesimama.

"NIMESAHAU, MWANANGU," akasema mwishowe, na sauti ikamtetemeka ndani ya mtungi. "NISAMEHE. NIMESAHAU."

Halafu Mwamvua akasikika akilia taratibu, kilio cha mtu anayejizuia. Bi Pimbi alijua kilio kile kinamlilia nani.

"Mke wangu, vipi?" Nyati akauliza kwa hofu. "Si yeye?"

Mwamvua akavuta pumzi. "Nenda kafungue vihenge, baba. Mama amesema tule."

We! Nyati aliruka. Kihenge kikapasuliwa, paa! Choroko zikaoshwa majivu, moto ukawaka. Michembe ikaanza kuvimba chunguni, tokotokotoko, majani ya kunde yakalainika na karanga zilizotwangwa, na harufu ikajaa nyumba nzima. Mwamvua alikula, akapumzika, akala tena. Nyati alikula akilia na kucheka pamoja.

Mwamvua alipopata nguvu ya kukaa, akachukua kisahani cha chumvi, kile kidogo kabisa cha nyumba ile, akakijaza chakula.

"He!" Nyati akashangaa. "Mgeni wetu mkubwa, umpe kisahani hicho?"

"Mama huyu anatosheka na hiki," alisema Mwamvua. Akakisukuma chini ya mkeka, halafu akainamisha kichwa pale pale na kunong'ona, "Mama yangu haji, sivyo?"

Bi Pimbi akautoa uso wake mtungini. "Haji, mwanangu. Wala hakuwahi kusema atakuja. Nilidanganya ili muweke akiba ya chakula. Nilikuona ukifagia kila siku, na nikanyamaza."

"Nimekukasirikia," alinong'ona Mwamvua.

"Nastahili."

"Nimekukasirikia sana. Lakini nimeshiba, na mtoto anacheza tumboni." Akaushika mkeka. "Usiende. Sitaki kujifungua peke yangu."

Bi Pimbi hakwenda. Alikaa nyuma ya mkeka ule ukame wote. Nyati alimpikia mama mkwe, alimsalimia kila asubuhi akiwa amegeuza mgongo, na jioni alisema kwa wasiwasi, "Bi Pimbi simwoni siku hizi. Nimempelekea michembe mlangoni pake, haijaguswa." Mwamvua alikuwa akifunika mdomo ili asicheke.

Mvua ya kwanza ilipopiga juu ya paa, mtoto akazaliwa. Ndama dume, mweusi, miguu inapishana. Alisimama, akaanguka, akasimama. Na kwa kuwa yeye hakuwa na mkwe wa kumwogopa, akaenda moja kwa moja akapita chini ya mkeka na kujilaza huko, ubavu wake ukimfunika Bi Pimbi.

"Wewe!" Nyati akafoka akiwa amegeuka ukutani. "Usimsumbue bibi yako!"

"Mwache," alisema Bi Pimbi. "Mwache tu, baba. Mwache alale."

Alisahau mtungi. Sauti ilitoka ndogo, ile ile ya juu ya majabali, ya mtu anayemwambia mwenzake ageuze michembe.

Mwamvua akazuia pumzi. Nyati, aliyeijua vizuri sauti ile, alisimama na mgongo wake mkubwa, hasogei. Mvua ilikuwa inapiga nje. Masikio yake yakashuka polepole, na mabega yakaanza kumtetemeka, wala hakugeuka kutazama.

"Haya, mama," akasema kwa upole. "Nikuongezee michembe?"

Hadithi yangu inaishia hapo, wanangu, na neno lake ni hili: wekeni chakula cha siku mbaya, tena wekeni kingi, lakini siku hiyo ikifika, mwenye njaa aliyemo ndani ndiye mgeni wa kwanza.