Mtoto wa Vizimba Viwili

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana mtoto ninayesimulia habari zake bado hajaota jino, kijiji cha Endamasi kilikuwa na gari moja tu.

Endamasi iko juu, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Hospitali iko chini. Katikati kuna barabara ambayo hata mbuzi huipita akiomba dua. Gari lilikuwa Landrova kuukuu yenye turubai nyuma, na kazi yake ilikuwa kushusha wagonjwa. Dereva wake alikuwa mwanamke, Theodora, mama wa watoto wanne, mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe kutoka kilima cha pili.

Siku moja ya matope, Theodora akirudi peke yake, gari liliteleza kwenye kona likapinduka. Theodora akatokea dirishani, akajikung'uta, akalitazama paa. Upande wa abiria lilikuwa limebonyea hadi kwenye viti.

"Ningekuwa na abiria," akawaambia waliokuja kumsaidia, "leo mngekuwa mnachimba makaburi."

Kijiji kikakaa mkutano. Kikakubaliana kwamba gari litiwe kizimba cha mabomba ya chuma, ili hata likibiringika lisimponde mtu. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ukaja hapa: kizimba kikae ndani ya gari au nje?

Kijiji kilikuwa na mafundi wawili wa kuchomelea vyuma, na karakana zao zilitazamana. Mmoja aliitwa Tluway, mwingine Gidamis. Mmoja akisema leo ni Jumatatu, mwingine hutafuta kalenda.

Tluway akasimama. "Kizimba kikae ndani! Gari ni bati, mwenye thamani ni mtu. Mabomba yamzunguke mtu karibu, yashikamane na sakafu, bati likunjike litakavyo."

Gidamis akasimama. "Kizimba kikae nje! Ukijaza mabomba ndani, machela ya mgonjwa utaiweka wapi, mapajani mwako? Bomba la nje hupokea kipigo kabla mwili wa gari haujaguswa. Matawi litayazuia, mawe litayazuia."

"La nje litaongeza uzito juu, gari liyumbe kama mlevi!"

"La ndani litawapasua watu vichwa!"

Siku ya kwanza wakabishana. Siku ya pili wakabishana. Siku ya tatu watu walikuja na viti vyao kutoka nyumbani, maana mchezo ulikuwa umenoga. Mabomba yamelala chini yanashika kutu, gari limesimama bila kazi.

Siku ya nne Theodora akapiga bodi la gari kwa kiganja. "Basi! Mbele, tunapokaa mimi na msindikizaji, kizimba ndani. Nyuma, anapolala mgonjwa, kizimba nje. Vishikane katikati viwe kitu kimoja. Anayekataa, aje aendeshe yeye."

Hakuna aliyetaka kuendesha. Mafundi wakanuna, kila mmoja akijiona ameshindwa nusu, lakini wakawasha mashine. Cheche zikaruka siku nne.

Kazi ilipokwisha akaja Restituta, mjane aliyeshona makochi ya kijiji kizima. Hakuna aliyemwita. Akaingia ndani, akaligonga bomba kwa kifundo cha kidole: ngo, ngo!

"Hili bomba na kichwa cha mtu vikikutana," akauliza, "kipi kitakiomba kingine radhi?"

Akaleta sponji na ngozi, akayavika mabomba ya ndani moja baada ya jingine. Kisha akashona mikanda mipana ya turubai, minne, ya kumfunga mgonjwa kwenye machela, na machela yenyewe akaifungia sakafuni. Mafundi wakamcheka. "Mama wa makochi anaivalisha Landrova!" Restituta akaendelea kushona.

Mwezi wa nne ukafika. Paskalina, mke wa Basili, akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Uchungu ukakaa usiku kucha na asubuhi, mtoto haji. Mkunga akasema, "Hospitali, na upesi."

Wakamlaza Paskalina kwenye machela kwa ubavu, wakamfunga mikanda yote minne, kifuani na mapajani, tumbo lisiguswe. Basili akarukia kiti cha mbele.

"Mkanda, shemeji," akasema Theodora.

"Mke wangu anateseka, wewe unaniambia mkanda!"

"Gari haliondoki."

Basili akafunga mkanda huku analaani. Wakaondoka.

Kwenye kona ya tatu, ukingo wa barabara uliokuwa umelowa mvua ya wiki nzima ukameguka chini ya gurudumu. Gari likainama. Likabiringika mara moja. Likabiringika mara ya pili. Likaanza ya tatu, na chini yake sasa palikuwa na korongo lisilo na mwisho mzuri. Hapo bomba la nje likanasa kwenye kisiki kinene cha mgunga, kwaa! Gari likasimama, limelala ubavu.

Gurudumu moja tu linazunguka hewani.

"Basili, upo?" akaita Theodora.

"Nipo. Sijui juu ni wapi, lakini nipo."

"Paskalina?"

"Paskalina!" Basili akalia, akivuta mkanda wake afunguke.

Ndipo nyuma ikatoka sauti ya hasira: "Nipo! Acheni kupiga kelele, njooni, anakuja huyu!"

Wakatoka kupitia dirishani. Theodora akakata mikanda, wakamtoa Paskalina, wakamlaza juu ya kanga penye nyasi. Wanakijiji waliposhuka mbio, Tluway na Gidamis mbele, mashoka na kamba mikononi, wakitarajia maiti, walikuta Theodora amekunja mikono ya shati, Basili anacheka na kulia pamoja, na mtoto wa kike anapiga kelele kuliko wote. Gidamis akakaa chini akalia. Tluway akamshika bega, mara ya kwanza tangu utoto wao.

Mama na mtoto wakapona. Siku ya arobaini ikafanyika karamu. Paskalina akasimama, mtoto begani, akasema: "Mwanangu bado hana jina. Atapewa jina atakalotaka aliyetuokoa. Semeni, ni nani?"

Tluway akasimama. "Mwite Anyesi, jina la mama yangu. Tazameni mahali alipokaa Basili: bati limekunjika kama karatasi, kizimba changu hakikusogea hata unene wa kidole. Bila mimi mtoto angezaliwa yatima, na dereva aliyempokea angekuwa marehemu."

Gidamis akasimama. "Mwite Veneranda, jina la mama yangu. Nani alilishika gari lisitumbukie korongoni? Bomba langu! Na mama alilala wapi? Ndani ya nafasi niliyoipigania."

"Uzito wa mabomba yako ndio ulioliinamisha gari!"

"Ukingo ulimeguka, wewe! Hata baiskeli ingeanguka!"

Restituta hakusimama; alisema akiwa amekaa. "Mwiteni Restituta. Vizimba vyenu vilikuwa imara, sikatai. Lakini yai ukilitikisa ndani ya sanduku la chuma, sanduku hupona. Basili alipiga kichwa kwenye bomba mara ngapi?"

"Mara mbili," akasema Basili.

"Una kovu?"

Basili akajipapasa. Hana.

"Na Paskalina alishikwa na mikanda ya mikono yangu hii, ingawa mimi sikuwemo."

Theodora akacheka. "Mwiteni Theodora. Mngekuwa bado mnabishana leo, na mabomba yangekuwa kutu. Nani alichagua? Nani aliamuru mkanda? Nani alimpokea mtoto?"

"Nani alilipindua gari?" wakauliza mafundi wawili kwa sauti moja. Watu wakacheka hadi pombe ikamwagika.

"Mimi," akasema Theodora. "Kama yupo ambaye asingelipindua pale, ninampa ufunguo sasa hivi."

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Paskalina akamtazama Tluway, akamtazama Gidamis, akamtazama Restituta, akamtazama Theodora. Kila aliyemtazama, aliona maisha ya mwanawe mikononi mwake. Na jina ni moja, na Jumapili padri anasubiri na maji ya ubatizo.

Haya, ninyi mliokaa mkinisikiliza, msitazamane. Mngekuwa ninyi ndio Paskalina, mtoto mngemwita nani?