Kadi Mpya ya Nyati na Kadi Kuukuu ya Pimbi

Nianze?
— Anza!
Mmekaa?
— Tumekaa!
Na aliyekaa peke yake?
— Naye yumo!

Basi naianza.

Zamani si nyingi, wanyama wa Kilima cha Mawe walikuwa na kompyuta. Nyati alikuwa nayo, Pimbi alikuwa nayo. Umeme ulitoka kwenye sola moja iliyofungwa juu ya jabali, na mtunza betri alikuwa Bi Kanga. Leo zamu ya Nyati, kesho zamu ya Pimbi.

Pimbi ni mnyama mdogo, kama sungura aliyenyimwa masikio. Mkewe, Bi Kidawa, alifariki masika yaliyopita. Tangu hapo Pimbi alikuwa akimchora kwenye kompyuta, kwa kumbukumbu: Kidawa anapanda jabali, Kidawa anasimama, Kidawa anageuka. Hapo pa kugeuka palikuwa bado.

Ndani ya kila kompyuta kuna kadi ya picha, kile kibao kinachochora unachokiona kwenye kioo. Kadi ya Pimbi ilikuwa kuukuu. Kidawa ndiye aliyeinunua, imeshatumika, akaisugua vumbi kwa mswaki. Ilichora polepole: kwi... kwi... kwi.

Siku moja Nyati akanunua kadi mpya. Ilikuwa na feni tatu na taa za rangi. Ilichora kwa kishindo: vuuuuu! Ikala umeme wa zamu yake, ikataka na wa jirani.

Nyati akaenda kwa Pimbi. Tii! Tii! Tii!

"Wee Pimbi! Upo?"

"Nipo, Bwana Nyati. Niende wapi?"

"Hiyo yako si kadi, ni kigae. Kuanzia leo sola ni yangu. Jua lote hili, mtu analimaliza kwa kuchora mke mmoja!"

Pimbi akakitazama kioo chake. Sola ikienda, Kidawa hatageuka kamwe.

"Tushindane," akasema. "Mbele ya Bi Kanga. Kila mmoja na betri yake. Atakayemaliza picha yake kwanza, sola yake."

Nyati akacheka mpaka pembe zikagonga jabali. "Wewe na mimi? Kigae na mashine? Haya!"

Pimbi alijua jambo moja. Mkizipa kadi hizo mbili picha ileile, kadi mpya itamaliza kabla ya kadi kuukuu kupata moto, tena kwa umeme kidogo zaidi. Hakuwa na njia ya kuishinda kadi. Alikuwa na njia ya kumshinda Nyati.

Kilimani kulikuwa na desturi: kabla ya shindano, kila mmoja hujigamba mbele ya watu, na alichojigamba nacho lazima akifanye. Akiacha hata kidogo, ameshindwa.

Alasiri wanyama wakajaa pangoni. Bi Kanga akaweka betri mbili zilizojaa.

"Haya, jamani, majigambo. Pimbi?"

"Nitamchora mke wangu akipanda jabali na kugeuka. Basi."

"Bila kivuli?"

"Bila kivuli, Bi Kanga."

Wanyama wakaguna. Nyati akasimama. "Mimi nitajichora mwenyewe nikivuka mto!"

"Vizuri," akasema Pimbi. "Ila vivuli vitakushinda."

"Vinishinde mimi? Naweka vivuli!"

"Vya miti, labda. Vya kila jani, huwezi."

"Kila jani!"

"Na mto utakuwa tope tu. Mawingu hayataonekana majini."

"Yataonekana! Yote!"

"Na nywele za mwilini je? Hapo ndipo ninapokuhurumia, kaka."

"Unywele mmoja mmoja!" Nyati akapiga ukelele. "Mkia nao!"

Pimbi akageuka. "Bi Kanga, umesikia?"

"Nimesikia. Pango zima limesikia."

Shindano likaanza. Kadi mpya ikasema vuuuuu! Kadi kuukuu ikasema kwi.

Nyati akaweka vivuli vya majani. Kadi ikala umeme. Akaweka mawingu majini. Kadi ikala umeme. Akaweka nywele za mgongo. Kadi ikala umeme. Pango likapata joto, Bi Kanga akajipepea kwa bawa. Nyati wa kwenye kioo alikuwa amefika katikati ya mto, na alipendeza kweli. Hata Pimbi alichungulia.

"Punguza nywele, wewe!" Ngiri, rafiki wa Nyati, akamnong'oneza.

"Nipunguze vipi? Nimeshajigamba!"

Kwi. Kidawa akapanda. Kwi. Kidawa akasimama.

Nyati akaweka unywele wa kwanza wa mkia. Vuuuu... vuu... vu... pwa! Kioo kikawa cheusi. Betri imekwisha.

Kwi. Kidawa akageuka.

Aligeuka kichwa kwanza, mabega baadaye, kama mtu aliyeitwa akiwa na kazi mkononi. Picha ikafika mwisho, ikasimama.

"Pimbi," akasema Bi Kanga, "sola ni yako."

Wanyama wakashangilia, kisha wakaenda makwao. Pimbi akabaki na umeme wote wa kilima. Akatafuta kitu kilichobaki kuchorwa, hakukiona. Akatamani kumsimulia mtu namna Nyati alivyojipandishia majigambo mwenyewe, kila jani, mkia nao. Lakini aliyezoea kumsimulia mambo ya namna hiyo ndiye aliyekuwa kwenye kioo, na wa kwenye kioo hasikii.

Asubuhi akachukua waya, akauburuta mpaka kwa Nyati.

"Umekuja kunicheka?" akauliza Nyati, bila kuinuka.

"Nimekuletea umeme. Wa zamu yako, na wa zamu yangu."

"Wa nini, na umeshinda?"

"Nilikuacha katikati ya mto. Nataka kuona kama utavuka."

Nyati akamtazama. Kisha akasogea, akampisha mahali pa kukaa.

"Nivuke na mkia?"

"Na mkia, kaka. Leo hakuna anayekimbizwa."

Vuuuuu!

Hapo ngano yangu imekaa kitako; atakaye na aiinue, aende nayo. Funzo lake ni rahisi, wanangu. Ukimshinda jirani, mwache gizani, usimpe hata cheche. Na kitu kuukuu kitupe mapema, kabla hujakizoea.

Mmesikia?
— Tumesikia!
Mtafanya hivyo?
— Hatufanyi!